Mkia wa Mashine ya Kumi na Mbili

Fundi Chovya alikuwa ametengeneza mashine kwa miaka kumi na sita, na baba yake mzazi alikuwa hajaiona hata moja. Si kwamba mzee hakutaka. Mashine zenyewe zilikuwa vijiti vya madini, na ukivipanga mia tano kwenye mstari mmoja havizidi milimita. Huo ni urefu tu. Unene wake ulipimwa kwa nano, na Fundi alikuwa na maelezo aliyoyakariri kwa ajili ya wageni: chukua milimita moja, ikate vipande elfu, kisha chukua kipande kimoja ukikate tena vipande elfu, hapo umepata nano moja. Unywele wa kichwani una nano kama elfu themanini. Kijiti chake kilikuwa na nano mia tatu.

"Kwa hiyo hakionekani," baba yake alisema siku alipoelezwa mara ya kwanza.

"Kinaonekana kwa hadubini, Baba."

"Nimesema hakionekani," mzee alirudia, na mazungumzo yakaishia hapo kwa mwaka mzima.

Mzee huyo alikuwa na karakana ya kuchovya vyuma. Watu walimpelekea bomba lililochujuka, kikombe cha mashindano kilichofifia, kengele ya baiskeli, naye alivitumbukiza katika beseni la dawa lenye nyaya za umeme, vikatoka vinang'aa. Fundi alikulia kati ya mabeseni hayo. Alijua kwa kunusa kama dawa imechoka, na kwa kugusa kama tabaka la nikeli litabanduka. Ndiyo maana alipofikisha miaka ishirini na tisa chuo kikuu kilimwita. Chumba kimoja cha utafiti kilikuwa na wasomi wanne wenye shahada kumi na moja kwa jumla, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuchovya dhahabu ikashika. Walimwomba aje wiki mbili awaelekeze. Wiki mbili hizo zilikuwa bado hazijaisha.

Kazi yenyewe haikuwa mbali na ile ya nyumbani. Badala ya kikombe, alichovya utando mweupe unaofanana na kipande cha karatasi, wenye mamilioni ya matundu yasiyoonekana. Dhahabu iliingia katika matundu ikayajaza nusu. Juu yake alijaza platini. Kisha utando uliyeyushwa, vikabaki vijiti, kila kimoja nusu dhahabu, nusu platini. Ukivitia katika maji yenye dawa kidogo ya kusafishia vidonda, ile ile ambayo mke wake aliiuza kwa chupa katika duka la dawa, vijiti vilianza kwenda. Havikuwa na mota, betri wala usukani. Ncha moja iliivunja dawa kwa namna yake, ncha ya pili kwa namna nyingine, na tofauti hiyo ikakisukuma kijiti mbele. Wasomi walikuwa na matumaini kwamba siku moja mashine za aina hiyo zitabeba dawa hadi mahali penye ugonjwa mwilini. Kwa sasa zilibeba matumaini.

Shida ya kuwa mdogo kiasi hicho ni kwamba maji hayana adabu kwako. Kila kilichomo kinasukumwa, kinatetemeka, kinapepesuka, hata kile kisichoweza kwenda popote. Mtu anaweza kuchungulia kwenye hadubini, akaona kijiti kinakwenda, akashangilia, kumbe kijiti kimebebwa tu kama abiria aliyelala. Kwa hiyo Fundi alikuwa na desturi yake. Kila alipotengeneza kundi la vijiti, alitengeneza na kundi jingine la dhahabu tupu kuanzia ncha hadi ncha, lisilo na nguvu ya kwenda popote. Hao aliwaita wafu. Kabla ya kuangalia walio hai, aliwaweka wafu chini ya hadubini na kuwatazama kwa dakika kumi. Wafu wakitulia, aliendelea. Wafu wakitembea, alimwaga kila kitu akaanza upya.

"Wafu kwanza," alisema kila siku, kwa sauti ambayo mtu mwingine husemea "funga mlango".

Desturi hiyo aliianza mwaka wake wa pili. Msomi mmoja alikuwa ametangaza mashine yenye kasi ya ajabu. Soda zikanunuliwa, hotuba ikatolewa. Fundi alikuwa ameona kwamba maji yanavuja pembeni mwa kioo, lakini hakuna aliyemuuliza, naye alikuwa mgeni, akanywa soda yake akanyamaza. Wiki iliyofuata ikagundulika kwamba ile kasi ilikuwa ya maji yaliyokuwa yakivuja. Ladha ya soda ile haikumtoka mdomoni kwa miaka.

Juu ya kabati la chumba hicho kulikuwa na Kitabu cha Mashine, kikubwa, chenye jalada gumu la kijani. Alikianzisha Profesa, mama mmoja mrefu mwenye miwani jozi mbili, moja machoni na nyingine kichwani, ambaye alikuwa mkuu wa chumba. Ukurasa wa kwanza aliandika kanuni mbili. Ya kwanza: mashine itaandikwa iwapo inajiendesha yenyewe, na kwa sekunde moja inakwenda umbali usiopungua urefu wa mwili wake. Ya pili: hakuna kufuta, kilichoandikwa kimakosa kitapigwa mstari mmoja, na sababu itaandikwa kando. Kulikuwa na mashine kumi na moja kitabuni. Zote kumi na moja zilichovywa na mikono ya Fundi. Chini ya neno "mbunifu" kulikuwa na majina ya watu wengine.

Jambo hilo halikumnyima usingizi mpaka baba yake alipobadilisha swali. Zamani mzee aliuliza, "Bado havionekani?" Siku hizi, kila Jumapili Fundi alipompelekea gazeti, aliuliza:

"Na yako ni ipi?"

"Nimezichovya zote, Baba."

"Hata mimi nimechovya vikombe mia tatu vya mashindano. Sijawahi kushinda mbio."

Wazo la mkia lilimjia akianua nguo. Upepo ulikuwa umeikunja suruali yake ya kazi ikawa inazunguka kwenye kamba, wakati shuka refu la pembeni lilikuwa limenyooka limetulia. Akakumbuka tiara alizotengeneza utotoni kwa magazeti ya baba yake, jinsi isiyo na mkia ilivyozunguka hewani kama imepagawa hadi ikaanguka. Mashine namba nne, iliyokuwa na kasi kuliko zote kitabuni, ilikuwa na ugonjwa huo huo. Ilikwenda mbio lakini haikufika. Ilizunguka pale pale kama mtu aliyedondosha funguo. Fundi alisimama na suruali mkononi hadi mke wake akamwita dirishani kuuliza kama nguo zinaanuliwa au zinasomwa.

Kesho yake alimweleza Profesa: namba nne, lakini nyuma iongezwe mkia wa nikeli, mrefu kama nusu ya mwili.

Profesa alishusha miwani ya kichwani, akagundua tayari amevaa nyingine, akairudisha. "Huko chini mkia hausawazishi kitu kama hewani, Fundi. Maji ni mazito mno kwa kijiti. Ila kilicho kirefu hakigeuzwi ovyo kama kilicho kifupi. Sababu yako si sahihi. Wazo lako ni sahihi. Lijaribu."

"Nikifaulu?"

"Nitaliandika. Lakini unajua siku zangu."

Alizijua. Profesa alikuwa anastaafu Ijumaa ya wiki iliyofuata saa kumi jioni, na kitabu kingepelekwa kwenye makumbusho ya maktaba. Mkuu mpya alikuwa ameshatuma fomu yake ya kompyuta. Ukitaka kuandikisha mashine, fomu iliuliza kwanza namba ya shahada ya mbunifu, na usipoijaza haikukuruhusu kushuka swali la pili. Fundi alikuwa na cheti cha kidato cha nne na leseni ya pikipiki. Kwa hiyo ilikuwa kitabuni kabla ya Ijumaa, au basi tena.

Alichovya kwa siku sita. Jumatano mchana vijiti vyenye mikia vilikuwa tayari, na Profesa alikuwa na kikao saa nane kamili. Ilikuwa saa saba na nusu. Aliyekuwa karibu ni Daktari, kijana wa shahada ya uzamivu, mbunifu wa mashine namba kumi na moja, ambaye majirani zake walimletea watoto wenye homa na kuondoka nao wakiwa na homa ile ile.

Ili kuangalia vijiti, unaweka tone la maji juu ya kipande cha kioo, unalifunika kwa kioo kingine chembamba, kisha unaziba kingo zote kwa rangi ya kucha ili maji yasitoke wala yasikauke. Rangi ya kucha, ile ya dukani. Hakuna kilichowahi kupatikana kinachoziba vizuri zaidi, na mke wa Fundi alikuwa amelalamika mara nyingi kwamba yeye ana chupa moja na hadubini ina nane. Kwa kawaida Fundi alipaka mara mbili na kusubiri ikauke. Jumatano hiyo alipaka mara moja, akapuliza kwa mdomo.

"Wafu leo hawana zamu?" Daktari aliuliza.

"Wamepumzika," Fundi alijibu bila kugeuka. "Kesho nitawaweka."

Akaingiza kioo chini ya hadubini, akawasha skrini.

Vilikwenda. Havikuzunguka hata kidogo. Vilikatiza skrini vimenyooka kama vimechorewa njia, vijiti kama mia mbili, kila kimoja na mkia wake nyuma. Daktari alipima kile kilichokuwa mbele kabisa, akapima tena. Urefu wa kijiti ulikuwa mikroni tatu, mikroni ikiwa sehemu ya elfu ya milimita. Kilikwenda mikroni tisa kwa sekunde.

"Mara tatu ya mwili wake," Daktari alisema. "Mzee wangu, umetuaibisha wenye shahada."

Profesa aliitwa, akaangalia hadi saa nane na dakika tano, akachelewa kikao, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Kisha akapanda kwenye kiti, akashusha kitabu cha kijani, akaandika kwa wino: Kumi na mbili. Kijiti chenye mkia. Mbunifu. Hapo akaandika majina matatu ya Fundi kwa ukamilifu, na Daktari, aliyekuwa amefanya naye kazi kwa miaka minne, akayasoma kwa mara ya kwanza.

"Nafasi ya kasi nitaijaza Ijumaa, tukishapima mbele ya mashahidi," Profesa alisema. "Mlete mzee wako. Nasikia ana maswali."

Fundi alimpigia simu pale pale koridoni.

"Nitaona nini?" mzee aliuliza.

"Mashine, Baba. Kwenye skrini. Yangu."

"Itaonekana kubwa kiasi gani?"

"Kama kidole gumba."

"Hapo sasa tunaongea," mzee alisema, akakata.

Alhamisi asubuhi Fundi alikuja kazini akipiga mluzi, na hadi saa nne mluzi ulikuwa umekwisha. Daktari alikuwa amechora kwenye kompyuta njia ya kila kijiti kutoka filamu ya Jumatano, mstari mmoja kwa kila kijiti. Mistari yote ilielekea upande mmoja, kona ya chini kulia, kama mvua iliyopigwa na upepo.

"Umoja ni nguvu," Daktari alisema, akajicheka mwenyewe, akaenda kunywa chai.

Fundi hakucheka. Kijiti kinachojiendesha hakijui mwenzake anakwenda wapi. Ukivitia mia mbili katika maji, kila kimoja kinashika njia yake: hiki kaskazini, kile kusini, kingine kinarudi kilikotoka. Hapa vilikuwa mia mbili na hakuna hata kimoja kilichokataa. Aliyajua hayo. Alikuwa amewafundisha wasomi wanne kuyajua hayo. Aliangalia kisanduku cha wafu kilichokuwa rafuni, hatua tatu kutoka alipoketi, kisha akaenda kusafisha mabeseni ambayo yalikuwa safi.

Jioni mke wake alimpakulia chakula na kumpa habari. "Baba amenipigia dukani mara mbili. Mara ya kwanza anauliza kama chuoni wanaruhusu koti la kahawia. Mara ya pili anasema amewaambia wateja wote karakana itafungwa Ijumaa."

"Hajawahi kuifunga."

"Alifunga siku tulipooana, na aliondoka kabla ya picha." Akakaa. "Mbona hufurahi?"

"Nafurahi."

"Umetia chumvi kwenye chai, mume wangu." Alimwangalia. Baada ya miaka kumi na sita nyumba nzima ilijua namna ya kuuliza. "Wafu walisemaje?"

"Sikuwauliza."

Mke wake aliweka kijiko mezani taratibu, kama mtu anayeweka yai.

Ijumaa saa moja na nusu asubuhi alikuwa wa kwanza kufungua chumba. Kioo cha Jumatano kilikuwa bado kwenye trei yake. Alikielekeza kwenye taa. Tone lilikuwa limekauka kuanzia kona moja, ya chini kulia, na kwenye kona hiyo rangi ya kucha ilikuwa imeacha mwanya mwembamba kama ukope. Maji yote yalikuwa yakitembea kuelekea kwenye mwanya ule.

Akachukua kioo kipya na tone la wafu. Akapaka rangi mara moja tu, akauacha mwanya ule ule kwenye kona ile ile. Kulifanya kosa kwa makusudi kulimchukua muda mrefu kuliko kulifanya kwa haraka. Akawasha skrini.

Wafu walitembea. Walikwenda kwa nidhamu, bega kwa bega, kuelekea kona ya chini kulia, mikroni saba kwa sekunde. Fundi alichukua kalamu, ingawa hesabu haikuhitaji kalamu. Tisa toa saba. Kile kijiti cha mbele kilikuwa kimetazama upande ule ule wa maji. Saba zilikuwa za maji, mbili zilikuwa zake.

Akaketi. Wino ulikuwa umeshakauka kitabuni. Filamu ya Jumatano ilikuwa nzuri, na mtu angeweza kuionyesha tena bila kusema uongo hata neno moja. Daktari hakuwa ameshtuka. Profesa alikuwa na maboksi ya kufunga. Saa kumi jioni kitabu kingeingia maktaba, na vitabu vya maktaba ile havikuwahi kumsumbua mtu. Na baba yake alikuwa njiani, na koti la kahawia.

Mzee alifika saa nne kasoro akiwa na mkwe wake. Alimsalimia Profesa kwa mikono miwili, akamkagua Daktari kuanzia viatu, akauliza beseni liko wapi. Alipoonyeshwa kibeseni chenye ukubwa wa kikombe cha chai alitikisa kichwa kwa huruma. Kisha akavutiwa kiti mbele ya skrini.

"Haya," Profesa alisema. "Fundi, tuonyeshe mashine namba kumi na mbili."

"Wafu kwanza," Fundi alisema.

Sauti ilitoka ya kawaida kabisa. Akawasha skrini, na vijiti vikaanza kuteremka kuelekea kona, bega kwa bega, kila kimoja kikubwa kama kidole gumba.

"Zinakwenda!" mzee aliruka kitini. "Mkwe, unaona? Zinakwenda!"

"Hao ni wafu, Baba."

"Nani?"

"Hao ni dhahabu tupu. Hawana nguvu ya kwenda popote. Wamekufa."

Mzee aliangalia skrini, akamwangalia mwanawe. "Wamekufa na wanakwenda hivyo?"

"Wanabebwa. Kioo kinavuja kwenye kona. Jumatano pia kilivuja. Nilipaka mara moja, na sikuwaweka wafu." Alimgeukia Profesa. "Tisa ile si yangu. Saba ni za maji."

Daktari alikwenda kwenye kompyuta kuiangalia tena mistari yake iliyoshikamana. "Mvua," alisema peke yake. "Jamani, mimi nikaita umoja."

Profesa alivua miwani yote miwili. "Ziba upya," alisema. "Tuone kilichobaki."

Fundi aliandaa vioo viwili, kimoja cha wafu, kimoja cha walio hai. Akachukua chupa ya rangi ya kucha, nyekundu, akaanza kupaka kingo. Mzee alikuwa amesimama nyuma yake, anapumulia begani.

"Ulipaka mara ngapi ile juzi?"

"Mara moja, Baba."

"Nilikufundisha nini?"

"Tabaka la kwanza la kushika, la pili la kuziba."

"Na kona?"

"Kona ndiyo hubanduka mapema."

"Kumbe unajua." Mzee alinyoosha mkono. "Lete hapa. Bado una haraka."

Mzee alivuta kiti, akakunja mikono ya koti la kahawia, akaketi mbele ya vioo vile viwili na kibrashi cha rangi ya kucha. Alipaka kona moja moja, nne za kwanza na nne za pili, kwa utulivu wa mtu aliyefanya kazi moja kwa miaka arobaini na mitano. Kisha wote watano wakasubiri zikauke. Ilichukua dakika kumi na mbili. Mke wa Fundi alisema rangi ile haimfai mtu yeyote kuivaa. Hakuna aliyempinga.

Wafu waliwekwa. Walitetemeka pale pale walipo, kama maiti wenye baridi, na hakuna aliyehama.

"Sasa wenye mkia," Profesa alisema.

Walikuwa wakienda. Hawakukimbia. Ulihitaji kukaza macho kwenye kijiti kimoja na kuhesabu moyoni ndipo uone kwamba kimehama. Lakini kila kimoja kilikuwa na njia yake, hiki kule, kile huku, kingine kinapanda kuelekea juu ya skrini peke yake, na hakuna kilichozunguka. Vilinyooka. Mkia ulifanya kazi yake.

"Hicho," mzee alisema, akigusa skrini kwa kidole chenye rangi nyekundu. "Hicho kinakwenda wapi?"

"Popote kinapotaka, Baba."

Daktari alipima vijiti thelathini, kimoja baada ya kingine, na wote wakamsubiri. "Mikroni mbili kwa sekunde," alisema hatimaye. "Mwili ni mikroni tatu. Theluthi mbili ya mwili." Akasita. "Kanuni inataka mwili mzima."

Profesa alikitazama kitabu juu ya kabati.

"Kwani mkia unahesabiwa?" mzee aliuliza. "Mbwa akishindanishwa mbio, mnapima na mkia?"

Profesa hakutabasamu. Alilifikiria swali hilo kwa muda kama swali la mtihani. "Ukiondoa mkia, mwili ni mikroni mbili," alisema. "Mbili kwa mbili, inapita."

"Basi!"

"Ila mkia umeongezwa na mbunifu mwenyewe, Mzee. Ukiuondoa, hiyo si mashine yake tena. Hiyo ni namba nne, na namba nne ina mwenyewe."

Mzee aliguna. Alikuwa fundi, alijua kipimo ni kipimo hata kikikuudhi.

Profesa alishusha kitabu cha kijani, akakifungua penye namba kumi na mbili, akatoa kalamu.

"Naomba nipige mimi," Fundi alisema.

"Niliyeandika ni mimi."

"Aliyewaruka wafu ni mimi, Profesa."

Akampa kalamu. Fundi alipiga mstari mmoja juu ya namba, juu ya kijiti chenye mkia, juu ya majina yake matatu, bila kukandamiza. Kando akaandika sababu: Wafu walitembea. Profesa akatia sahihi chini yake na tarehe. Katika miaka yote ya kitabu kile mistari mingine mitatu iliwahi kupigwa, na yote ilipigwa na mtu tofauti na mwenye kosa.

Mzee aliinama juu ya ukurasa, pua karibu iguse karatasi. Alisoma polepole, midomo ikicheza.

"Jina linasomeka," alisema.

"Linasomeka, Baba."

"Mstari mwembamba." Alinyooka. "Na ile iliyokwenda juu, peke yake. Ile ni yako?"

"Zote zile ni zangu."

Mzee alikunjua mikono ya koti lake, akaaga mmoja mmoja, akamwambia Daktari avae viatu vya kazi. Saa kumi Profesa aliondoka na maboksi manne, na watu wa maktaba wakaja kuchukua kitabu.

Jumapili Fundi alipeleka gazeti kama kawaida. Mteja mmoja alikuwa amekuja na bomba la sinki, na mzee alikuwa anamsimulia.

"Mwanangu ana mashine, ndogo hizi, huwezi kuamini. Nimeziona kwa macho yangu. Zilizokufa zinakwenda mbio kuliko zilizo hai."

"Baba, sivyo. Wale walibebwa na maji kwa sababu ya kona."

"Nani aliziba kona?"

"Wewe."

"Basi niache nisimulie."

Mteja aliangalia bomba lake, akauliza litakuwa tayari lini. Fundi aliketi kwenye beseni lililogeuzwa na kufungua gazeti. Alisubiri lile swali, ukurasa wa kwanza hadi wa michezo. Halikuja. Alipoinuka kuondoka, mzee alimtupia kitu kidogo kilichofungwa kwa karatasi. Ilikuwa chupa mpya ya rangi ya kucha, nyekundu, ya bei ya juu kuliko zote nane za chuoni.

"Kona kwanza," mzee alisema.

Jumatatu Fundi aliijaribu ile fomu ya kompyuta. Ilimuuliza namba ya shahada, akaandika namba ya leseni ya pikipiki, ikakataa. Akaizima, akavaa koti jeupe, akachovya mkia mwingine, mfupi wa robo. Jumamosi ulikuwa tayari. Alipaka kona kwanza, kisha kingo, kisha vyote mara ya pili, akasubiri dakika kumi na mbili bila kupuliza. Akaweka wafu chini ya hadubini.

Walitulia.